Yai la Refa

Nilipomaliza chuo nilikuwa na imani mbili: kwamba kompyuta zingeifanya dunia kuwa mahali pa upole zaidi, na kwamba bosi wangu wa kwanza angefurahi kuambiwa amekosea. Ile ya kwanza bado ninayo.

Kampuni iliyonichukua kwa kipindi cha majaribio ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Ngazi zilinuka sponji mpya, na wateja waliopotea walikuwa wakipanda hadi kwetu kuuliza kama tunalo la futi sita. Bosi tulimwita Profesa. Cheo hicho hakupewa na chuo chochote. Alijipa mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Kazi yetu kubwa mwaka huo ilikuwa programu ya jiko la makao ya wazee. Niliitafuta mimi. Babu yangu mzaa mama alikuwa akiishi pale, na nilipomsikia Matroni, msimamizi wa makao, akilalamika kwamba jikoni wanachanganya chakula cha wagonjwa, nilimwambia kwa moyo mkunjufu kwamba dawa yake tunayo sisi. Nilikuwa nikimwona Babu kila mwisho wa wiki. Nilitaka apikiwe na watu wanaojua yeye ni nani.

Na yeye ni nani, hilo halikuwa gumu kujua. Alichezesha mpira maisha yake yote ya kazi, kwa hiyo kila mtu pale, hata Matroni, alimwita Refa. Alivaa filimbi shingoni na kuweka kadi mbili kwenye mfuko wa shati, wala hakuona haya kuzitumia. Muuguzi akichelewesha dawa alipewa ya njano. Mzee wa kitanda cha pili, aliyeitwa Kengele kwa sababu ya mkoromo wake, alishapewa nyekundu mara nyingi, ila hakuwa na uwanja mwingine wa kwenda, akabaki.

Miezi hiyo Babu alikuwa ametoka kuugua mapafu. Alirudi kutoka hospitali shati limesimama lenyewe na yeye yumo ndani kama mgeni. Daktari alisema arudishe mwili kabla ya baridi kuanza, maana homa nyingine ikimkuta vile hatapona. Dawa yenyewe ilikuwa rahisi. Babu alipenda yai la kuchemsha asubuhi. Ukimpa yai, mkate atakula, uji atakunywa, na mchana utamkuta mezani anagombana na watu, dalili nzuri. Ukimnyima yai, anasusa vyote.

Sasa nieleze Profesa alifanya nini, na nitajaribu kumtendea haki, ingawa yeye anaweza kujitendea mwenyewe.

Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya ubao mweupe. "Klasi," alisema, "ni ramani ya nyumba. Huwezi kulala ndani ya ramani. Ukitaka kulala, unajenga nyumba kwa kuifuata ramani, na nyumba hiyo ndiyo tunaita kitu. Ramani moja, nyumba mia. Umeelewa au nichore?"

Nilikuwa nimesoma hayo miaka mitatu. Nikasema nimeelewa. Akachora.

Katika programu yetu, klasi iliitwa Mkazi. Ramani ilisema kila mkazi atakuwa na jina, chumba, na orodha ya vyakula alivyokatazwa. Ilisema pia mambo ambayo mkazi anaweza kufanya: kula, kuhama chumba, na kuondoka. Kuondoka maana yake ni kufa. Profesa alikuwa mtu wa adabu.

Jina na chumba aliviandika mahali pake, ili kila mkazi akiundwa apewe vyake. Ile orodha ya vyakula, hata hivyo, aliiandika juu, kwenye ramani yenyewe. Alisema hivyo panakuwa pasafi zaidi. Kisha akaijaribu. Aliunda mkazi wa kubuni, akamwita Mzee Jaribio, akamkatazia chumvi. Mzee Jaribio akakataziwa chumvi. Akamkatazia sukari, akakataziwa. Hakukuwa na kosa hata moja. Profesa akatununulia soda, na programu ikaenda kazini.

Jikoni kwenye makao, skrini ilining'inizwa juu ya dirisha la kugawia chakula. Mpishi aligusa jina la mkazi, na vyakula vya siku hiyo vikatokea, kila kimoja na rangi yake. Cha kijani kinapita, chekundu hakipiti. Matroni aliisimamia sheria hiyo kwa macho yote mawili, na alikuwa na sababu: mwaka uliotangulia mama mmoja asiyekula mayai alipewa yai kwa bahati mbaya, uso ukamvimba mpaka macho yakapotea, wakamkimbiza hospitali. Huyo ni Mama Ushungi, na ndiye wa kwanza kuandikwa kwenye programu yetu. Muuguzi alifungua jina lake, akaandika: mayai.

Kisha akaendelea. Kengele, chumvi. Bibi wa chumba cha pembeni, sukari. Mwingine maziwa. Mwingine nyama nyekundu, kwa ajili ya gauti. Mwingine maharage, kwa ombi la anayelala naye chumba kimoja.

Kufikia mwisho wa wiki, skrini ilikuwa nyekundu kwa kila jina. Kilichobaki kijani ni kabichi ya kuchemsha isiyo na chumvi, na maji.

Ungedhani mtu angeshtuka. Matroni alifurahi. "Zamani hapa mezani ilikuwa vita," aliniambia. "Mbona yule kapewa nyama, mbona yule kaongezewa. Sasa sahani zote sawasawa, na hakuna anayepiga kelele. Hii programu yenu imeleta amani."

Nilitazama ukumbi wa chakula. Amani ilikuwepo kweli. Watu wasio na nguvu ya kugombana huwa na amani sana.

Babu nilimkuta chumbani kwake, amekaa karibu na dirisha, mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Kaa hapo nikuone vizuri." Nikakaa. Akatia mkono mfukoni, akatoa kadi ya njano, akainyanyua mbele ya pua yangu.

"Ya nini hiyo?"

"Ya yai. Nimeuliza jikoni, naambiwa kompyuta imekataa. Nikauliza kompyuta ni ya nani. Naambiwa ya mjukuu wako." Akairudisha kadi mfukoni taratibu. "Kama nilikukosea, ungesema tu. Mke hamnyimi mumewe chakula bila kikao."

"Babu, sijakunyima mimi."

"Nani aliileta hapa?"

"Mimi."

"Basi."

Kengele, aliyekuwa amejilaza kitandani, alifungua jicho moja. "Kula kabichi, Refa. Wenzako tunakula."

"Kabichi ni chakula cha sungura, na sungura mwenyewe huwa anapewa karoti." Akanigeukia. "Sili kitu mpaka yai langu lirudi. Na usinitazame hivyo. Mimi ni mgumu, si mgonjwa."

Alikuwa vyote viwili.

Nikaenda jikoni. Mpishi alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeyatazama masufuria yake ya kabichi kama mtu anayetazama maiti ya jamaa. Nilimwita muuguzi, akalifungua jina la Babu kwenye skrini, na kweli orodha ilikuwa ndefu kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumsikia. Akafuta neno mayai. Yai la Babu likawa kijani. Mpishi akatabasamu, akafungua friji, akatoa yai. Halafu, kwa mazoea ya kazi, akagusa jina lililofuata.

"Ngoja kidogo," alisema. "Huyu si ndiye aliyevimba?"

Kwenye jina la Mama Ushungi, yai lilikuwa kijani.

Muuguzi alilirudisha neno haraka. La Mama Ushungi likawa jekundu. La Babu nalo likawa jekundu. Mpishi akalirudisha yai kwenye friji kama anayelaza mtoto.

Hapo nikajua. Nilirudi kwa Babu nikajaribu kumweleza, naye alikuwa hataki kusikia habari za ramani. Basi nikaangalia huku na huku. Juu ya sinki la chumba chao kulikuwa na rafu, na kwenye rafu vikombe viwili vya plastiki, kila kimoja na jina, vya kuwekea meno ya bandia usiku. Kila chumba kilikuwa na rafu kama ile.

"Babu, ramani inasema kila mzee awe na kikombe chake cha meno. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa fundi amesahau kumpa kila mzee kikombe. Ametengeneza kimoja, akakigundisha kwenye ramani. Kila mzee akiulizwa kikombe chako kiko wapi, anaonyeshwa hicho hicho. Kwa hiyo wote mnaweka humo."

Kengele alikaa kitandani. "Meno yangu na ya huyu? Kikombe kimoja?"

"Ndivyo ilivyo orodha ya vyakula. Muuguzi anadhani anamwandikia mtu mmoja. Anawaandikia wote. Akimfutia mmoja, anawafutia wote."

Babu alipenda sana sheria, na nilimwona akiigeuza hii kichwani, akiitafutia upande wenye akili.

"Na huyo fundi anajua?" aliuliza.

"Nitamwambia Jumatatu. Atafurahi."

Jumatatu nilimwambia Profesa. Nilikuwa nimeandaa na marekebisho: ilikuwa kuuhamisha mstari mmoja tu, kutoka juu kwenye ramani hadi chini pale mkazi anapoundwa, ili kila mmoja apate orodha yake. Lakini ufunguo wa kupitisha mabadiliko kwenye programu iliyoko kazini alikuwa nao yeye pekee.

"Unajua klasi ni nini?" aliniuliza.

"Ni ramani ya nyumba."

"Vizuri. Na nani aliyekufundisha?"

Niliona chuo changu kinapita mbele ya macho yangu kikiaga. "Wewe."

"Sasa mwanafunzi anamrudishia mwalimu ramani. Mimi niliijaribu hii programu."

"Kwa mzee mmoja, bosi."

"Na huyo mmoja alilalamika?"

Nikakiri kwamba Mzee Jaribio hakuwa amelalamika.

"Basi tatizo liko kwa wazee," alisema Profesa, bila hasira, kama daktari anayetoa jibu la kipimo. "Wiki ijayo Bodi ya makao inakuja kuiona. Wakiipenda, tunaipeleka makao mengine yote. Sitaki mtu aguse kitu. Ukiugusa huo mstari, kipindi chako cha majaribio kitakuwa kimekwisha vibaya."

Nilimpigia Matroni. Naye aliniomba nisiwaharibie amani kabla ya Bodi kuja.

Ilibaki njia ya kawaida ya binadamu. Nilichemsha yai nyumbani, nikalifunga kwenye kitambaa, nikalipeleka kwa Babu jioni. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alilipokea, akalipima kiganjani, akalinusa. Kengele aligeukia ukutani, kwa heshima au kwa uchungu, sikujua. Kisha Babu akanirudishia.

"Refa halishwi pembeni ya uwanja."

"Babu, tafadhali. Kula tu."

"Nikila hili la kujificha, kesho nitashiba, na nikishiba nitanyamaza. Huyu Kengele hana mjukuu. Bibi wa pembeni naye hana. Wao nani atawaletea kitambaani?" Akanipapasa mkono. "Nasikia kuna Bodi inakuja. Lini?"

Nikamwambia. Akaomba nimwachie maji ya kunywa, na akauliza kama lile jagi kubwa la kioo la ukumbini bado lipo.

Siku ya Bodi, ukumbi ulitandikwa vitambaa vyeupe. Wazee waliogeshwa, wakachanwa nywele, wakapangwa kwenye viti vya plastiki kama maua. Mwenyekiti wa Bodi alikuwa mama mtu mzima mwenye fimbo, aliyeketi mbele kabisa. Profesa alivaa tai. Nilipewa kazi ya kubofya picha za projekta, na nikaonywa nisibofye zaidi ya hapo.

"Klasi moja," Profesa alisema, akionyesha ukutani. "Mkazi. Ukimwelewa mkazi mmoja, umewaelewa wote. Hii ndiyo nguvu ya teknolojia. Hakuna tena chakula kukosewa, hakuna malalamiko. Waulizeni wenyewe. Kuna mwenye swali?"

Filimbi ililia.

Babu alisimama. Ilimchukua muda, na alishika kiti cha mbele yake, lakini alisimama, akalichukua jagi la kioo lililojaa maji katikati ya meza. Akaanza na Kengele. Kengele alitia vidole mdomoni, akatoa meno ya juu, akatoa ya chini, akayadondosha humo. Bibi wa pembeni akafuata. Mama Ushungi aligeuka kidogo, akajifunika na ushungi wake kama anayenyonyesha, na ya kwake yakaingia. Jagi lilipita safu kwa safu, na sauti pekee iliyosikika ni ile ya meno yakigonga kioo. Matroni alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani. Amani yake ilikuwa inazama mbele ya macho yake.

Babu aliliweka jagi mbele ya Profesa. Ya kwake alikuwa hajayatoa bado. Alihitaji kusema kwanza.

"Umetuelewa wote," alisema. "Humo kila mmoja ana meno yake. Mpe Mama Ushungi ya kwake, tumalizie sherehe."

Kisha akayatoa, akayaongeza juu, akakaa.

Profesa alilitazama jagi. Jagi nalo, kwa namna fulani, lilimtazama.

"Hili si suala la kiufundi," alisema hatimaye.

Mwenyekiti alikuwa ameinua mkono akaziba mdomo wake mwenyewe, na kutokana na jinsi alivyouziba nilijua ana sababu zake za kuelewa haraka kuliko wengine. Alinigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu na mashine.

"Binti, mbona wamefanya hivi?"

Profesa alinikodolea macho. Nilifikiria ngazi zinazonuka sponji, nilivyozipanda kwa furaha siku ya kwanza. Nilimtazama Babu, mdomo umeingia ndani, kidevu kimekaribia pua, mikono imetulia magotini kama mtu aliyekwisha kupuliza na sasa anasubiri wachezaji watii.

"Jagi ni orodha ya vyakula, Mama," nilisema. "Kila mzee alipaswa kuwa na yake. Programu imewapa wote moja. Mmoja akikatazwa chumvi, wote wamekatazwa. Tafadhali mwombe mpishi aguse jina lolote."

Mpishi aligusa jina. Nyekundu. Akagusa jingine. Nyekundu. Mwenyekiti akainuka, akasogea dirishani kwa fimbo yake, akagusa mwenyewe.

"Wanakula nini hawa watu?"

"Kabichi," alisema mpishi.

"Tangu lini?" Hakusubiri jibu. "Kurekebisha kunachukua muda gani?"

"Ni kuhamisha mstari mmoja," nilisema. "Nimeshauandaa. Unasubiri ufunguo wa bosi."

Macho yote, yenye meno na yasiyo na meno, yakamgeukia Profesa.

"Nilikuwa nimemwachia kama zoezi," alisema Profesa. "Nilitaka kuona kama ataligundua mwenyewe." Na akakaa kwenye mashine, akaweka ufunguo wake.

Muuguzi aliandika upya orodha za kila mtu alasiri hiyo hiyo. Kuyagawa meno kulichukua muda mrefu zaidi. Kuna sheria ya asili kwamba kuchanganya ni rahisi kuliko kuchambua, na Kengele alizunguka nusu siku na tabasamu zuri mno ambalo lilikuwa la bibi wa pembeni.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda mapema. Yai la Babu lilikuwa kijani. La Mama Ushungi lilikuwa jekundu. Nilisimama pale dirishani nikizitazama rangi mbili hizo kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye akili timamu anavyotazama skrini, mpaka mpishi akaniomba nimpishe apitishe trei.

Babu aligonga yai kwenye ukingo wa meza, akalimenya, akalikata vipande, akala na mkate wote. Kisha akamwita muuguzi.

"Hiyo orodha sasa ni yangu peke yangu?"

"Yako peke yako, Refa."

"Niandikie kabichi."

Muuguzi akaandika. Kengele alisikia. Naye akaomba kabichi iandikwe kwenye yake. Habari ikatembea ukumbini kutoka meza hadi meza, na kabla vyombo havijaondolewa kila mzee alikuwa amejikatazia kabichi kwa hiari yake, na ugomvi wa nani apewe nyama ulikuwa umeanza upya. Matroni alijifungia ofisini.

Kipindi changu cha majaribio hakikwisha vibaya. Kiliongezwa, kwa ombi la Mwenyekiti kwamba ni mimi niwe nikishughulikia makao. Profesa alipopita kukagua, alifungua orodha moja, akafungua ya pili, akafungua ya tatu. Zote zilikuwa na kabichi.

"Unaona?" aliniambia. "Orodha moja ingetosha."

Nilikwenda kumsimulia Babu. Alicheka mpaka akashika meno yake yasianguke. Nikamwomba basi anifutie ile kadi ya njano.

"Kadi haifutwi, mke wangu," alisema, na akanisogezea nusu ya mkate wake. "Inabaki. Lakini kula, mechi haijaisha."